PICHA NZURI, WATU WAKO WAPI?

Juzi nilikuwa kwa kinyozi wangu Manzese nasubiri zamu. Ukutani kuna kalenda yenye picha ya Kreta ya Ngorongoro: nyati wametapakaa, ziwa linang'aa, nyuma ukuta wa mlima umejifunika mawingu. Si nikaropoka: "Pazuri bwana! Tangu Mungu aumbe, hapa hajakanyaga mtu."

Kaka mmoja wa Kimasai, mlinzi wa duka la jirani, akanigeukia. "Babu yangu kazaliwa humo ndani," akasema taratibu. Kinyozi akazima mashine. Mimi kimya, aibu tele!

Basi nikaingia kazini, nikauliza na kusoma. Kumbe shimo lile ni mlima wa volkano uliobomoka na kudidimia zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Sakafu yake ni kama kilomita za mraba 260, na kuta zina urefu wa mita 600 hivi.

Na watu? Walikuwapo, tena wengi! Wadatoga, wale tunaowaita Wamang'ati, walichunga humo mpaka Wamasai walipowashinda vitani karne ya 19. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wawili ndugu, akina Siedentopf, walikuwa na mashamba yao humo humo ndani.

Mwaka 1951 Ngorongoro ikawa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1959 ikatengwa: Wamasai wakatoka Serengeti, na Ngorongoro ikawekwa iwe ya watu na wanyama pamoja. Katikati ya miaka ya 1970, waliokuwa wakiishi ndani ya kreta nao wakaondolewa. Kwa hiyo ule utupu wa kwenye kalenda si wa tangu kuumbwa dunia. Ni amri, ndugu yangu!

Ukingoni mwa kreta kuna kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1959, na baba yake Bernhard amezikwa hapo hapo. Wageni husimama kusoma mnara wao. Boma la babu wa yule mlinzi halina hata kibao.

Tangu mwaka 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni hiari, maana watu na mifugo wamezidi. Wapo wenyeji wanaosema wanabanwa. Mama wa yule kaka yuko Endulen, na kila akipiga simu swali ni hilo hilo: tubaki au twende?

Jana nikarudi kwa kinyozi, nikamkuta. Nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza boma la babu lilikuwa wapi. Akaweka kidole kwenye miti ya msitu wa Lerai, akakiacha hapo muda mrefu.

Nawe msomaji, ukikutana na picha nzuri isiyo na mtu, uliza kwanza walikwenda wapi. Tukutane wiki ijayo!