Ziwa Naivasha na Korongo Lake

Mtu akiondoka Nairobi alfajiri pamoja na watu wa nyumbani mwake, hata kabla jua halijawa kali huweza kuwa amekwisha kuketi ukingoni mwa Ziwa Naivasha, kwa kuwa mwendo wenyewe ni kilomita 90 hivi tu. Nataka kuwasimulia jinsi sisi tulivyokwenda huko mwishoni mwa mwezi wa Mei 2019, na jinsi nilivyokasirikia jambo ambalo sasa nalishukuru.

Tulikuwa watu watano: mimi, mama watoto, watoto wetu wawili, na mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na saba ambaye miguu yake haijui kutulia. Tulishika njia ya zamani iteremkayo katika Bonde la Ufa. Chini ya mteremko, karibu na Mai Mahiu, liko kanisa dogo sana lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitalia waliokuwa wakitengeneza barabara ile. Tukasimama kidogo, watoto wakachungulia ndani, tukaendelea. Mbele yetu ukasimama mlima Longonot, wenye urefu wa meta 2,776, na kinywa chake kipana kama chungu kilichovunjwa ukingo. Mpwa wangu akataka tuupande siku ile ile. Nikamwambia, “Ngoja kwanza tulione ziwa.”

Basi tukafika. Ziwa lenyewe li juu, yapata meta 1,890 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi baridi yake huuma. Asiyechukua sweta atajuta. Kando yake ipo migunga mirefu yenye magome ya rangi ya manjano, na majini yamesongamana mafunjo. Furukombe hukaa juu ya miti na kulia kwa sauti ile yake isiyosahaulika, nao mwari huelea makundi makundi kama mitumbwi iliyoachwa. Jambo la ajabu ni hili: mito ya Malewa na Gilgil huingia katika ziwa, wala hakuna mto utokao, lakini maji yake si ya chumvi kama ya maziwa mengi ya bonde lile. Wataalamu husema ya kwamba maji hupenya chini ya ardhi na kwenda zake kwa siri.

Tulipanda mashua. Lakini kabla ya kupanda palikuwa na mashauri, kwa maana makoti ya kuelea yalikuwa manne na sisi tu watano. Mwenye mashua akasema si kitu, mtoto mdogo apakatwe. Mama watoto akaketi juu ya jiwe, akasema, “Mimi nitawangojea hapa mpaka litakapopatikana la tano.” Hakupaza sauti. Baada ya robo saa likapatikana. Mwenye mashua, nampa haki yake, alikuwa mwangalifu sana juu ya viboko: alipoona vichwa vyao akazunguka mbali, akatuambia ya kwamba kiboko akizama usimtazame pale alipozama, maana hatatokea pale. Na mchana wote hakuturuhusu kutembea katika njia zile zilizokanyagwa kati ya mafunjo na majani, kwa sababu ndizo njia zao za kwenda malishoni usiku.

Atakayekwenda sasa na ajue ya kwamba ukingo huo haukai mahali pamoja. Mwaka 2020 maji yalipanda sana, yakaingia katika nyumba za watu mtaa wa Kihoto, wengi wakahama, na viboko wakalisha karibu na milango. Basi mtu aliyelijua ziwa zamani asitegemee kumbukumbu zake. Na aulize wenyeji.

Siku ya pili tulikwenda Hell's Gate, yaani Mlango wa Jehanamu. Jina ni baya, lakini mahali ni pazuri mno. Ni hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1984, nayo ni mojawapo ya chache katika Kenya ambazo mtu aweza kupita kwa miguu au kwa baiskeli kati ya punda milia na twiga. Tulikodi baiskeli njiani, tukaingia. Majabali mekundu husimama huku na huku kama kuta za mji, na karibu na lango kuna mnara wa jiwe uitwao Fischer's Tower, kwa jina la Gustav Fischer, Mdachi aliyefika pande hizo mwaka 1883. Alitaka kwenda mbele; Wamaasai wakamzuia, akarudi. Mpwa wangu aliposikia hayo akacheka, akasema yeye asingalirudi.

Mwisho wa njia ndipo lilipo korongo. Zamani sana, kabla ya ziwa kuwa kama lilivyo leo, lilikuwa kubwa na lenye kina zaidi, na maji yake yalitokea upande huu wa kusini. Ndiyo yaliyokata mwamba. Leo sakafu yake huwa kavu, ila vijito vichache vya maji ya moto vitiririkavyo ukutani, kwa maana moto wa chini ya ardhi bado uko. Huko huko Olkaria mvuke wake umefanya umeme tangu mwaka 1981. Mahali pengine kuta hukaribiana hata mtu huweza kuzigusa zote mbili kwa mikono.

Tulikuwa tumeteremka kwa muda wa dakika kumi tu, pamoja na kijana Mmaasai mwenye kutuongoza, ndipo aliposimama akatazama juu. Juu yetu palikuwa peupe, jua linawaka. Lakini mbali, juu ya vilima, palikuwa na wingu moja jeusi. Akasema, “Mzee, turudi.”

Nikamuuliza, “Mvua iko wapi?”

“Kule.”

“Kule ni mbali.”

“Maji hayakai kule, mzee.”

Nawaambieni kweli, nilikasirika. Nilikuwa nimelipa, watoto walikuwa wamengojea siku hiyo miezi mitatu, na mpwa wangu alikuwa amekwisha kutangulia kwenye kona. Nikasema twende kidogo tu, hata kule kwenye maji ya moto. Yule kijana hakubishana. Alikwenda akamshika mpwa wangu mkono, akamleta, akaanza kupanda mbele yetu. Ikatupasa kumfuata. Juu tukaketi saa nzima tukilitazama korongo. Maji hayakuja. Hata tone. Mpwa wangu akanuna njia yote mpaka Nairobi, na mimi katika moyo wangu nikasema ya kwamba tumedanganywa na mvivu.

Tarehe 1 Septemba mwaka ule ule, watu saba walikufa katika korongo lile, wamechukuliwa na mafuriko ya ghafula. Mmoja wao alikuwa mwongozaji wa pale pale. Tena haikuwa mara ya kwanza: mwezi wa Aprili 2012 vijana saba wa kanisa moja la Nairobi walikufa huko kwa namna iyo hiyo. Angalieni miezi hiyo. Aprili ni masika, lakini Septemba sivyo, kwa hiyo kalenda haitoshi. Mvua hunyesha mahali pa juu ambapo wewe hupaoni, maji hukusanyika kutoka pande zote, nayo yakiingia katika mwamba mwembamba hayana pa kutawanyika, huinuka tu. Na kuta zile ni laini, hazishikiki. Wakuu wa hifadhi walilifunga korongo baada ya hayo. Atakayekwenda leo na aulize langoni kwanza kama kuna ruhusa, na akiambiwa hapana, yako majabali na baiskeli na wanyama, siku haitapotea.

Habari hizo zilipotangazwa mpwa wangu alinipigia simu. Aliniuliza jina la yule kijana. Sikulijua, nilikuwa naye nusu siku, nikamnung'unikia, wala jina lake sikuuliza. Juma lililofuata akapanda matatu peke yake mpaka Naivasha, akasimama pale njia panda wanapokodisha baiskeli, akangojea. Yapata saa tano akamwona anakuja na wageni wawili. Akamwamkia, akampa kilo mbili za sukari na majani ya chai aliyotumwa na shangazi yake. Yule kijana hakumkumbuka hata kidogo.