Chipsi za Nyumbani: Kavu Nje, Laini Ndani, Mtoto Salama

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Wamagana. Leo tunaingia jikoni.

Huku kwetu Tetu viazi havikosi. Watoto wakipita karibu na kibanda cha chipsi wanalia wanunuliwe. Mama anaamua kuwapikia nyumbani, lakini chipsi zinatoka zimelegea na kudondosha mafuta. Siku nyingine anaongeza moto, mafuta yanaruka, na mtoto yuko karibu na jiko. Siku moja kliniki nilimpokea mtoto wa miaka miwili aliyeungua mkono namna hiyo. Alikuwa amepakwa dawa ya meno juu ya kidonda.

Je, siri ya chipsi kavu ni moto mkali? La. Siri ni kuondoa maji. Kiazi kina maji mengi, karibu sehemu nne kwa tano. Maji hayo ndiyo yanayolegeza chipsi, na maji yakikutana na mafuta moto ndiyo yanayoyarusha. Kwa hivyo, mama, ukikausha viazi vyako vizuri umefanya kazi mbili kwa pamoja.

Kwanza, chagua viazi. Shangi, ambayo wengi wetu tunapanda, huiva haraka lakini pia huchipua haraka. Viweke mahali penye giza na hewa. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu iitwayo solanini, na kupika hakuiondoi. Inaweza kuleta kutapika, kuumwa na tumbo na kuharisha. Kiazi cha kijani kingi au kichungu, kitupe.

Pili, menya, kisha kata vipande vyenye unene sawa, kama kidole kidogo. Vioshe mpaka maji yawe safi, kisha viloweke nusu saa. Unaondoa wanga wa juu, ule unaofanya chipsi zigandane na kuungua kabla ya kuiva.

Tatu, chuja na ukaushe kwa kitambaa safi. Usiharakishe hapa. Kipande kikiwa na tone la maji, bado.

Nne, kaanga mara mbili. Karai lisijae mafuta kupita nusu. Tumia moto wa wastani. Tia kipande kimoja: kikitoa mapovu polepole, mafuta yako tayari. Weka vipande vichache vichache, kwa sababu ukijaza karai mafuta yanapoa na viazi vinayanywa. Baada ya dakika tano hivi vitakuwa laini lakini bado vyeupe. Vitoe, vipoe dakika kumi. Kisha ongeza moto kidogo na uvirudishe kwa dakika mbili au tatu, mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Mapovu unayoyaona ni maji yanayotoka kama mvuke. Yakipungua, ganda limekauka.

Usisubiri mafuta yatoe moshi, na usiache chipsi ziwe kahawia. Mwaka wa 2002 wataalamu wa Uswidi walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa sana hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo inashukiwa kuleta saratani. Rangi ya dhahabu inatosha. Nayo mafuta yaliyokuwa meusi, yanayotoa povu au harufu mbaya, yamwage yakishapoa. Usiyaongezee mapya.

Chumvi tia mwishoni, kidogo tu. Mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asiongezewe chumvi. Na chipsi zisiwe chakula cha kila siku. Zikipikwa, ziandamane na sukuma wiki na maharagwe au yai.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Wengi wetu tunapikia jiko la makaa lililo chini, mahali mtoto anapotambaa. Siku ya chipsi, weka jiko kwenye kona, na mtu mzima amshike mtoto nje ya jikoni mpaka mafuta yapoe. Mshikio wa sufuria usielekee nje. Mafuta yakishika moto usimwage maji kamwe! Zima gesi kama unaweza, funika kwa kifuniko cha chuma, usilibebe karai.

Na mtoto akiungua? Mwondolee nguo iliyolowa mafuta, isipokuwa iliyoshikamana na ngozi. Mwagia sehemu iliyoungua maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika ishirini. Kama huna mfereji, tumia jagi. Mwili wake mwingine ufunike asipatwe na baridi, maana baridi yetu mnaijua. Usipake dawa ya meno, yai, unga, siagi wala barafu. Vitu hivyo hushika joto, huumiza ngozi au huleta uchafu. Funika kidonda kwa kitambaa safi kisichoganda na umpeleke kituo cha afya mara moja.

Yule mtoto alipona, lakini kovu lipo. Maji ya dakika ishirini yangemsaidia kuliko dawa ya meno.

Basi tukumbuke: kausha viazi, kaanga mara mbili, mtoto awe mbali. Mweleze na jirani ambaye hana redio. Hadi tutakaposikizana tena, kwaherini.