Mgonjwa wa Kilo 500 Asiyeweza Kusema

Akina mama wengi tunalijua neno pepopunda tangu siku za kliniki ya wajawazito, pale muuguzi anapotuambia tupandishe mkono wa gauni tuchomwe sindano. Ni wachache kati yetu waliowahi kujiuliza punda ameingiaje katika jina hilo. Lakini aliyewahi kumwona punda au farasi mwenye ugonjwa huo hahitaji maelezo marefu. Miguu yote minne imekakamaa na kutanuka kama ya benchi la seremala. Masikio yamesimama wima, mkia umeinuka, pua zimepanuka, taya zimebana. Ukipiga makofi karibu naye, utando mweupe huchomoza ghafla kutoka kwenye pembe ya ndani ya jicho. Huo ni ukope wa tatu, ambao sisi binadamu hatuna. Kati ya wanyama wote wanaofugwa, farasi ndiye anayedhurika kwa urahisi zaidi kwa sumu ya pepopunda. Msumari mmoja ukwatoni watosha.

Mwezi huu tunapenda kuwapeleka wasomaji wetu katika wodi za namna nyingine, ambako mgonjwa ana kilo 500, halali kitandani, wala hawezi kusema anaumwa wapi. Humo madaktari vijana wa mifugo hufundishwa kutibu magonjwa ya mishipa ya fahamu na ya misuli ya farasi waliolazwa. Huenda mama mmoja akauliza, "Mimi mwenye mbuzi watatu, farasi wananihusu nini?" Subiri kidogo, mama. Sisi tuliozoea kugeuza wagonjwa vitandani tumeona mengi humo yanayofanana na kazi yetu, na mengine yanayotushinda kabisa.

SHULE NDEFU

Tuchukue mfano wa Marekani, katika hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis. Kijana anayetaka kuwa bingwa wa farasi husoma kwanza digrii ya kawaida, kisha miaka 4 ya udaktari wa mifugo. Baada ya hapo hufanya kazi kwa mwaka 1 chini ya uangalizi, kisha miaka 3 zaidi ya ubingwa, akilala hospitalini zamu kwa zamu. Mwisho hukalia mtihani wa chuo cha mabingwa kilichoanzishwa mwaka 1972. Kwa hesabu yetu, aliyeanza akiwa na miaka 18 humaliza akiwa na 30, na kwa miaka hiyo yote mama yake anaulizwa na majirani binti ataolewa lini.

Na kwa nini muda wote huo? Kwa sababu farasi anayeyumba anaweza kuwa na ugonjwa wowote kati ya mengi, na yote kwa mbali yanafanana. Pingili za shingo zinaweza kuwa zinabana uti wa mgongo. Virusi vya malengelenge ya farasi vinaweza kuwa vimeshambulia mishipa midogo ya damu ya uti huo. Katika nchi za Amerika kuna kijidudu kinachotoka kwenye kinyesi cha mnyama mdogo aitwaye oposumu, ambacho farasi hukila pamoja na majani na kikaenda kujificha ubongoni. Tiba ya kila ugonjwa ni tofauti. Ule wa malengelenge huambukiza farasi wengine, hivyo mgonjwa lazima atengwe upesi, na anayemhudumia abadili viatu na nguo kabla hajamgusa mwingine. Hapo sisi wauguzi tunajisikia tupo nyumbani!

Kitu cha kwanza anachofundishwa daktari kijana ni kutazama. Farasi huongozwa kwa mstari ulionyooka, kisha katika duara dogo, kisha kwenye mteremko kichwa kikiwa kimeinuliwa. Daktari hutembea pembeni na kuuvuta mkia taratibu upande mmoja. Farasi mzima hukataa kuvutwa, lakini aliyedhoofika huyumba kumfuata daktari. Miguu ikipishana vibaya, au ukwato ukiburutwa, huandikwa. Kuyumba hupewa namba kutoka 0 hadi 5. Mwenye 0 ni mzima, na 5 ni yule aliyelala chini asiweze kuinuka. Jioni daktari mwingine hurudia, namba zikalinganishwa, kama sisi tunavyolinganisha chati ya joto.

Ikibidi, huchukuliwa maji ya uti wa mgongo. Sindano tunayotumia kwa mtu mzima wodini ina urefu wa sentimeta 9 hivi. Ya farasi hufika 15 hadi 20, na mara nyingi huingizwa kiunoni mnyama akiwa amesimama, amepewa dawa ya kumtuliza na ganzi. Mkono unaoishika hauna budi kuwa umefundishwa vizuri, maana teke la farasi huua.

Kuna onyo moja ambalo kila mwanafunzi hukaririshwa, nasi tunaomba kila mama mwenye mfugo alishike. Mnyama anayeyumba, anayetoa mate na kushindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni eti amekwamwa na mfupa au gunzi. Yaweza kuwa kichaa cha mbwa. Farasi hukipata, punda hukipata, ng'ombe hukipata. Hospitali zile huvaa glavu mpaka jambo hilo litakapoondolewa shaka, na wahudumu wake huwa wamechanjwa kabla. Nyumbani, mwite bwana mifugo, watoto wakae mbali. Ambaye mate yamekwisha kumgusa jerahani, machoni au mdomoni aoshwe mara moja kwa maji mengi. Ngozi na jeraha vioshwe pia kwa sabuni, dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

MGONJWA ANAPOANGUKA

Wodini kwetu, mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia. Wauguzi wawili na shuka hutosha. Je, farasi? Aumbwavyo, farasi hupumzika hata kusinzia akiwa wima. Akilala upande mmoja kwa saa nyingi, uzito wake mwenyewe huponda misuli ya chini, damu haipiti vizuri, pafu la chini hukandamizwa. Basi hugeuzwa kila baada ya saa 2 hadi 6, kwa kamba na watu wanne, watano, waliovaa kofia ngumu, wakikaa upande wa mgongo na kukwepa miguu. Kitanda chake ni majani makavu mengi au godoro nene. Macho hupakwa mafuta ya dawa, maana jicho la chini husuguliwa. Kibofu kikiwa kimepooza huwekwa mpira wa mkojo. Mavi hutolewa kwa mkono, naam, mkono wenye glavu ndefu hadi begani. Tusione haya kulitaja, kazi ya uuguzi ndivyo ilivyo.

Yupo anayeweza kuinuliwa kwa mikanda mipana inayoshikwa na winchi darini. Watu hudhani mikanda ndiyo inayomsimamisha. La hasha! Farasi asiye na nguvu kabisa akining'inizwa hupumua kwa shida na huumia. Mikanda humsaidia yule ambaye miguu yake inaweza kubeba sehemu ya uzito, apumzike akichoka. Kujua ni nani wa kuinua na ni nani wa kuacha chini ni sehemu ya ubingwa wenyewe.

Mwenye pepopunda hutunzwa gizani na kimya. Hutiwa pamba masikioni, maji na chakula huwekwa juu ili asilazimike kuinama, kidonda husafishwa, hupewa dawa ya kuzuia sumu, penisilini na dawa za kulegeza misuli. Anayeendelea kusimama ana tumaini. Aliyeanguka asiweze tena kuinuka, mara nyingi hufa.

Na hapa ndipo penye tofauti inayotusumbua. Daktari wa mifugo anaruhusiwa kumchoma mgonjwa wake sindano ya mwisho, na gharama za kumtunza farasi aliyelala chini ni dola maelfu. Kwa hiyo kijana huyo lazima ajifunze kukaa na mwenye farasi na kumwambia ukweli: kuna nafasi kiasi gani, kuna maumivu kiasi gani, itagharimu nini. Pengine mwenyewe ni mtoto wa miaka 12 aliyemlea tangu akiwa mdogo. Katika wodi za watu hatuna uamuzi huo, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kusema ukweli kwa upole, bila kujificha nyuma ya maneno magumu, ni kazi inayotupasa sote, na wengi wetu tungefaa kufundishwa kama wao.

JUMATATU ASUBUHI

Magonjwa ya misuli nayo yana visa vyake. Zamani huko Ulaya, farasi wa jembe na wa mikokoteni walifanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili wakapumzishwa watu wakienda kanisani. Chakula hakikupunguzwa. Jumatatu, hatua chache tu nje ya zizi, farasi anakakamaa, anatoka jasho, nyonga zake zimekuwa ngumu kama ubao, na mkojo ni mweusi kama kahawa. Ukaitwa ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Jumapili haikuwa na kosa lolote. Lawama iangukie ndoo ya nafaka.

Rangi ile ya kahawa hutoka kwenye misuli inayovunjika, nayo huweza kuharibu figo. Ndiyo maana mgonjwa huyo halazimishwi kutembea. Hutulizwa maumivu na kupewa dripu, na kwa mwili ule dripu ni lita kwa makumi. Mwaka 1992 Stephanie Valberg na wenzake walieleza kwamba farasi wengine huwa na sukari iliyorundikana isivyo kawaida ndani ya misuli, na mwaka 2008 ikagunduliwa kasoro ya kurithi inayosababisha hali hiyo kwa wengi wao. Tiba yake kubwa iko jikoni, tuseme hivyo: kupunguza nafaka, kuongeza mafuta, na mazoezi kila siku bila kuruka. Mama mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani atatikisa kichwa hapa.

KUTOKA UGANDA HADI NEW YORK

Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile kwa jirani zetu wa Uganda, mwanamke mmoja alikuwa na homa. Damu yake ilipochunguzwa kilipatikana kirusi kipya, kikaitwa kwa jina la wilaya hiyo. Miaka 62 baadaye, mwaka 1999, kirusi hicho kilitokea New York, kikienezwa na mbu waliouma ndege. Watu waliugua, na farasi vilevile. Midomo na nyuso zao zilichezacheza, miguu ya nyuma ikalegea, wakaanguka. Mwaka 2002 peke yake farasi zaidi ya 15,000 waliugua Marekani, na kwa kawaida karibu 1 kati ya 3 wanaoonyesha dalili hufa. Madaktari waliokuwa hawajawahi kuuona ugonjwa huo walijifunza wakiwa kazini.

Chanjo ya farasi ilianza kutumika mwaka 2001. Sisi binadamu mpaka leo hatuna yetu. Farasi mgonjwa hamwambukizi mtu wala mbu, kwa hiyo anayetuambia habari ni yeye: farasi wakianza kuanguka, watu wa eneo hilo wanajua mbu wenye kirusi wapo.

WATOTO WALIOSAHAU KUAMKA

Tumeyaacha ya watoto mwisho kwa kuwa ndiyo yaliyotugusa zaidi. Mtoto wa farasi anatakiwa kusimama ndani ya saa 1 tangu kuzaliwa na kunyonya ndani ya saa 2. Si anasa. Kwetu binadamu, sehemu ya kinga ya mama hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto tumboni. Kwa farasi haipiti. Kinga yote imo katika dang'a, na utumbo wa mtoto huipokea kwa takribani siku moja tu, kisha mlango unafungwa. Ndiyo maana jike mwenye mimba huchanjwa pepopunda wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, ili dang'a iwe na kinga. Ni sindano ile ile ya kliniki yetu, njia tu ndiyo tofauti.

Lakini wapo wanaozaliwa wakiwa kama wamepumbaa. Mtoto anazunguka zizini, anagonga ukuta, ananyonya ubao, hamtambui mama yake. Kwa miaka mingi lawama yote ilielekezwa kwenye upungufu wa hewa wakati wa kuzaliwa. Huko Davis, John Madigan, Monica Aleman na wenzao walichunguza damu ya watoto wa farasi wagonjwa. Kwa baadhi yao walikuta viwango vya juu vya homoni za jamii ile inayomtuliza mtoto tumboni ili asipige mateke ya hatari. Tumboni zinafaa. Baada ya kuzaliwa zinapaswa kushuka, na inaelekea mbano wa njia ya uzazi ni sehemu ya ishara ya kumwamsha. Basi wakajaribu kuurudia mbano huo. Kamba laini huzungushwa kifuani kwa mafundo maalumu na kuvutwa polepole. Mtoto hulala chini, akasinzia. Baada ya dakika 20 kamba hulegezwa.

Wengine huinuka na kwenda moja kwa moja kwenye chuchu. Mwenye mbavu zilizovunjika hafungwi kamba, na lazima daktari ampime kwanza, kwani wapo ambao shida yao ni maambukizo au ni hewa kweli. Hao hulazwa. Hulishwa kwa mpira wa puani kila baada ya saa 1 au 2, maziwa yakikamuliwa kwa mama yao aliye upande wa pili wa kizuizi kifupi, mahali anapoweza kumwona na kumnusa mtoto. Wanafunzi hujitolea kukaa nao usiku, wakiwa wameketi kwenye majani na kichwa cha mtoto mapajani, na kila anapolishwa huandika kwenye chati ni kiasi gani amepokea.