Mgeni Mwenye Miba Uani: Huruma Yahitaji Maarifa

Asubuhi moja ya masika, jua likiwa limekwisha kupanda, watoto wetu walitujia mbio kutoka uani wakisema wameona mtoto wa nungunungu kwenye kitalu cha mchicha. Tulipofika tulimkuta mnyama mdogo amenaswa shingo na mguu katika wavu mkuukuu wa uvuvi. Wavu huo tuliuzungusha sisi wenyewe ili kuku wasile mboga. Nzi walikuwa wamemzonga, na kila alipojikunja kujihami, uzi wa nailoni ulizidi kumkaba.

Hakuwa nungunungu, bali kalunguyeye. Wengi wetu huwachanganya wawili hawa. Nungunungu ni mkubwa, hula mizizi na mazao, na miba yake mirefu hung'oka kwa urahisi. Kalunguyeye wa kwetu ni mdogo, aghalabu uzito wake hauzidi nusu kilo, miba yake ni mifupi, na miguu yake ya nyuma ina vidole vinne. Chakula chake hasa ni wadudu: mchwa, mbawakawa, jongoo, pamoja na minyoo na konokono. Kwa mwenye bustani, huyo ni kibarua wa usiku asiyedai ujira. Na kwa kuwa kazi yake ni ya usiku, kumwona akizurura juani mchana ni dalili kwamba ana dhiki: amejeruhiwa, anaumwa, ana njaa, au makao yake yamevunjwa.

Tulimshika kwa taulo nene, tukakata nyuzi moja moja kwa mkasi wa kushonea, bila kuuvuta wavu. Hadi hapo tulifanya sawa. Kisha binti yetu mdogo akaleta kisahani cha maziwa ya ng'ombe, nasi tukamruhusu, kwani ni nani asiyemkirimu mgeni? Alikunywa kwa pupa, tukafurahi. Kufikia adhuhuri alikuwa ameharisha na kulegea hata hakuweza tena kujikunja.

Tulimpigia simu daktari wa mifugo. "Mmempa kwa nia njema," alisema, "lakini tumbo lake haliyawezi maziwa. Mpeni maji, mtieni joto, kisha mleteni upesi." Tuliona haya. Wavu ulikuwa wetu, na maziwa yalikuwa yetu.

Basi tunawaandikia akina mama na walezi yale tuliyofundishwa siku hiyo, ili mwingine asikosee kama sisi. Mchukue mnyama kwa taulo au glavu nene, umweke katika boksi refu lenye matundu ya hewa na kitambaa chini. Akiwa baridi, jaza chupa maji ya uvuguvugu, uifunge kitambaa, uilaze upande mmoja wa boksi ili aweze kuisogelea au kuikimbia. Weka boksi pahali penye giza na utulivu, mbali na paka, mbwa na makelele ya watoto. Mpe maji katika kisahani kifupi. Maziwa na mkate havimfai. Akishapata joto na nguvu, unaweza kumpa kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala viungo, au yai lililochemshwa. Usimlazimishe kula. Ukiona mayai ya nzi kwenye kidonda, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari.

Tuwalinde watoto pia. Kalunguyeye anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha na choa, hivyo kila amgusaye anawe mikono kwa sabuni. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali.

Daktari alisafisha jeraha, akatutaka pia tuwaarifu maafisa wa KWS, kwa sababu Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Waliridhia akae chini ya uangalizi wa daktari hadi kidonda kikauke.

Binti yetu alilia. Alikuwa amekwisha kumchagulia jina na kuomba tumnunulie kizimba. Bibi yake akamkalisha mkekani, akamweleza jinsi maswahaba walivyochukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akipapatika, na Mtume (S.A.W.) akaamuru warudishiwe mama yao. "Mjukuu wangu," akamwambia, "na huyu huenda ana wake wanaomngoja." Mtoto hakujibu, lakini jioni hiyo hakutaja tena kizimba.

Siku ya sita, baada ya Magharibi, tulimrudisha kando ya ua wa michongoma, karibu na pale alipopatikana. Alibaki duara kwa kitambo. Kisha pua ikatokeza, ikanusa huku na huko, naye akatokomea kichakani bila kugeuka.

Wavu tumeuondoa, na mchicha sasa umezungushiwa makuti. Tunawasihi wasomaji wetu wakague nyua zao: nyavu na kamba zilizotupwa zikunjwe, lundo la majani ligeuzwe polepole kabla ya kuchomwa moto, shimo la taka au la msingi liwekewe ubao wa mshazari ili aliyetumbukia apande, na sumu ya konokono na panya iepukwe, kwani mla wadudu huila kupitia mawindo yake.

Huruma moyoni ni neema, lakini ikikosa maarifa yaweza kudhuru. Tuulize kwanza, ndipo tutende. Allah atujaalie kuwa wenye kuwarehemu viumbe Wake, wakubwa kwa wadogo. Amin.