Bangili ya Nyanya Hainunui Nywele

Alifika Kisaju jioni moja ya Rajabu, Januari 2025, upepo wa mbuga ukipiga mabati ya vibanda vya stejini kama ngoma. Ni binti wa kaka yangu, mzaliwa wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 22, na harusi yake ilikuwa imepangwa Mfungo Mosi, mara tu baada ya Idi. Nilimkaribisha, nikampa chai ya tangawizi, lakini hakutaka kuvua ushungi hata mlango ulipofungwa na wanaume walipokwenda zao msikitini. Nilipomshikilia sana akaufungua taratibu, na hapo ikanijia harufu niijuayo tangu utotoni, harufu ya unyoya wa kuku uliopitishwa motoni.

Nywele zilikuwa timutimu utosini. Upande mmoja zilifika begani, upande wa pili zilikatikia sikioni. Nilipopitisha vidole, vipande vilibaki mkononi mwangu kama machicha makavu.

"Shangazi," akasema, "saluni moja imeniambia iko dawa ya kuzirudisha kama zilivyokuwa. Ni ghali. Nimekuja na bangili ya nyanya. Nitafutie mnunuzi huku Kitengela, maana kule nyumbani nitajulikana."

Bangili ile ni ya dhahabu. Mama yangu aliivaa siku zote za maisha yake, na kabla ya kufariki alimwachia mjukuu wake huyu aivae siku ya harusi. Sasa ilikuwa imefungwa ndani ya leso, tayari kuuzwa.

Bila shaka wako watakaosema, kwa nini asiunge nywele za bandia, kama wafanyavyo wengi? Lakini sisi tunayajua makatazo ya kuunga nywele, na hadithi zake zimo katika Bukhari na Muslim. Binti alikuwa hataki jambo hilo. Na siku ya kutolewa nje, bibi harusi hukaa mbele ya mamia ya macho ya kina mama, kichwa wazi, na mama mkwe wake ndiye wa kwanza kutazama.

Mimi sikuwa na kinywa cha kumlaumu. Pasi ya nywele ya kwanza aliyopata kuishika niliinunua mimi, zawadi ya kumaliza shule. Nilidhani nampunguzia taabu ya kile kitana cha moto cha zamani, tulichokuwa tukikiweka juu ya makaa na kukijaribu kwanza kwenye kitambaa. Kumbe nilimpa moto ule ule, tena ulio mkali zaidi na usio na moshi wa kumwonya.

PAA LILILOUNGUA

Hapana budi tufahamu kwanza nywele ni kitu gani, maana anayejua hilo hadanganywi kwa urahisi. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna damu wala uhai. Umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nje umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama makuti ya paa. Magamba yakilala vizuri, unywele hung'aa na kushika unyevu wake. Yakiinuka au yakibanduka, unyevu hutoka, nywele hushikana zenyewe kwa zenyewe, na ndipo tunapoona matimutimu na ncha zilizopasuka.

Maji yakigusa unywele huulegeza, na ukikauka hurudi katika umbo lake. Hilo halina madhara makubwa. Lakini pasi za umeme zinaweza kufikia nyuzi 200 za Selsiasi na zaidi, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ukiipitisha pasi juu ya nywele zenye maji, yale maji yaliyo ndani hugeuka mvuke, yakafanya mapovu na kupasua unywele kutoka ndani. Magamba hubanduka na keratini huharibika. Huko hakuna kurudi.

Kwa hiyo yule aliyemwambia binti kwamba iko dawa ya kuzirudisha hakusema kweli. Paa la makuti lililoungua haliponi kwa kupakwa mafuta, huezekwa upya. Na nywele huota kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwezi. Kutoka Rajabu mpaka Mfungo Mosi tungepata sentimita tatu, si zaidi, hata tungeuza bangili kumi.

Mahali penyewe pia hapakutusaidia. Kisaju iko kwenye barabara ya Namanga, ukishapita Kitengela na kabla ya kufika Isinya, katika mbuga za Kaputiei. Kwetu Pwani hewa ina unyevu mwingi. Nywele zilizoharibika huunyonya zikavimba. Huku Januari ni jua, vumbi na upepo mkavu, na nywele hizo hizo hukauka mpaka zikakatika. Na maji tunayotumia ni ya visima virefu, yenye chumvichumvi nyingi. Sabuni haitoi povu vizuri ndani yake, na huacha utando mweupe unaozifanya nywele ziwe ngumu kama kamba ya makumbi.

MANENO YA JIRANI

Asubuhi ya pili alikuja jirani yangu, mama wa Kimaasai anayeniletea maziwa. Kichwa chake amekinyoa, kama ilivyo desturi ya kina mama wengi wa kabila lake. Kwao wenye nywele ndefu ni morani, wanaozisuka na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Na siku ya sherehe ya Eunoto, morani anapoaga ujana, mama yake mzazi ndiye humnyoa, na wengine hulia machozi.

Alimtazama binti, akazishika ncha zake, akacheka kidogo bila ubaya. "Mama," akaniambia, "nyasi zikiungua sisi hatuzimwagii maziwa. Tunangoja mvua. Zinazokuja ni nyingine."

Binti alilia. Lakini jioni ile aliniletea mkasi mwenyewe. Nilikata upande mrefu ukalingana na upande mfupi, chini kidogo ya sikio. Jambo hili wengi hulikimbia, nalo ndilo la kwanza, kwani ncha iliyopasuka huendelea kupasuka kwenda juu, na usipokata kidogo leo utakata nyingi kesho.

TULIYOYAFANYA

Baada ya mkasi, tuliifunga pasi katika mfuko na kuiweka juu ya kabati. Kisha nikaenda soko la Kitengela, nikanunua nazi mbili. Nilizikuna kwa mbuzi niliyokuja naye kutoka Mombasa, nikakamua tui zito, nikaliacha usiku kucha. Asubuhi nikaitenga ile krimu iliyoelea juu, nikaichemsha kwa moto mdogo mpaka maji yakaisha, mafuta yakajitenga na mashapo yakawa ya hudhurungi. Nikachuja kwa kitambaa safi.

Mama zetu walifanya hivi bila kuambiwa na mtu, lakini wataalamu nao wamelipima. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli. Waliona ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza sana upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu yake ni kwamba asidi yake kuu, iitwayo loriki, ni nyembamba kiasi cha kupenya ndani ya unywele, na hivyo maji hayauvimbishi kupita kiasi. Basi sisi tulipaka kidogo kila mara kabla ya kuosha, toka katikati mpaka nchani, tukaacha saa chache. Si lazima kujimwagia. Kichwa kinachotiririka mafuta huokota vumbi la Kisaju lote.

Kuosha ilikuwa mara moja kwa juma, kwa shampuu laini ya bei nafuu, wala si sabuni ya kipande cha kufulia, kwani hiyo ni kali na huinua magamba. Maji ya mwisho ya kusuuzia yalikuwa ya mvua kila tulipoyapata. Tulipoyakosa, tulitia kijiko kimoja cha siki katika lita moja ya maji ya kisima, tukasuuza nayo ili kuondoa ule utando. Ndimu pia hufanya kazi hiyo, lakini jihadhari, maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, huweza kuibabua.

Kuchana kulikuwa kwa chanuo lenye meno mapana, nywele zikiwa na unyevu na mafuta kidogo, ukianzia nchani ukipanda juu. Anayeanzia utosini huvuta mafundo yote yakawa fundo moja. Nywele zilikaushwa kwa kufyonzwa na kitambaa cha pamba, bila kusuguliwa. Ushungi haukufungwa juu ya nywele mbichi. Chini yake binti alivaa kofia laini niliyomshonea kutokana na kitambaa cha satini cha gauni kuukuu, na usiku alilala nayo, maana pamba ngumu ya mto husugua na kukata nywele dhaifu.

Zilipopata nguvu kidogo nilimsuka mistari, pasipo kukaza. Msuko unaovuta mpaka macho yakawa mekundu hung'oa nywele za paji la uso, na zikizoea kung'olewa huweza zisiote tena. Wako wanaoogopa kusuka kwa ajili ya josho. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Ummu Salama, aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu misuko yake kwa josho la janaba, naye hakutakiwa kuifumua, ila kujimiminia maji kichwani mara tatu. Kwa josho la hedhi, waulize wanazuoni wako.

Mayai na parachichi tulivila. Protini ya yai ni kubwa mno kupenya ndani ya unywele. Mwilini ndiko inakofaa, huko mizizi inakojenga nywele mpya. Na piko tuliiweka mbali kabisa, kichwani na mikononi. Ile ni rangi ya nywele yenye kemikali kali, na wako mabibi harusi waliobabuka ngozi kwa kupambwa nayo. Hina ya majani inatosha.

SIKU YA KUTOLEWA NJE

Mvua zilipoanza Ramadhani ikielekea mwisho, tuliweka ndoo chini ya mfereji wa bati na kukinga maji. Binti alikuwa ameacha kujificha mbele yangu. Tulipokuwa tukingoja magharibi alikuwa akikaa chini, kichwa chake magotini pangu, nikimpaka mafuta kama mama yangu alivyokuwa akinipaka mimi.

Sitawadanganya kwamba nywele zilirefuka kwa ajabu. Zilikuwa fupi, za kipilipili, lakini zilikuwa nyeusi, laini, zimelingana na hazikatiki. Siku yenyewe nilizibana nyuma, nikazizungushia asumini na vikuba. Mpambaji alikuja na pasi yake ya umeme mkononi. Binti akamwambia kwa adabu airudishe mkobani.

Alipotolewa nje nilisimama pembeni nikimwangalia mama mkwe. Alimtazama kichwa, akatazama mkono, kisha akamshika mkono ule na kuuliza bangili ile ameirithi kwa nani. Waliongea muda mrefu. Kumbe alimfahamu mama yangu.

Wenzangu, mwenye nywele zilizoungua amwogope anayemwahidi kuzifufua. Nazi mbili, chanuo, mkasi, maji ya mvua na subira ya miezi havihitaji mtu auze alichoachiwa. Na zawadi ya pasi, mimi sitampa tena mtoto wa mtu. Ile ya binti bado iko juu ya kabati langu hapa Kisaju, na hajaiulizia.