Mlango wa Kituo cha Afya Siku ya Msiba Ziwani

Usalama wa kituo cha afya wakati wa dharura, yaani uwezo wake wa kuendelea kutibu huku kikiwakinga wagonjwa na watumishi wake wasipatwe na madhara mapya, hupimwa kwa ukali zaidi katika visiwa vya Ziwa Victoria, ambako hospitali za rufaa kama Bugando ya Mwanza ziko ng'ambo ya maji na chombo cha kumvusha majeruhi huenda ndicho kilichozama.

Ndivyo ilivyokuwa kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, tarehe 20 Septemba 2018, pale kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipopinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya na kuua watu 228. Kituo cha Afya Bwisya, kilicho kisiwani humo, kikawa tegemeo la walioopolewa wakiwa hai.

Katika msiba wa namna hiyo, jambo linalostahili kufikiriwa kuliko yote ni mlango. Habari za ajali zikifika mwaloni hakuna anayebaki nyumbani, na umati ule ule ulioishiwa subira ufukweni huhamia kituoni, ambako mama aliyeshikwa na uchungu usiku uliotangulia bado anahitaji mkunga. Kamba iliyofungwa toka mti hadi mti, ikiacha njia moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea, humwezesha muuguzi aliyesimama hapo kufanya uainishaji wa majeruhi, yaani kumtazama kila mmoja kwa muda mfupi na kumfunga kitambaa: chekundu kwa asiyeweza kungoja, cha njano kwa anayeweza kungoja kidogo, cha kijani kwa anayetembea mwenyewe. Marehemu nao hustahili kivuli chao kando, pamoja na mtu mwenye daftari la majina, kwani ndugu asiyepewa jibu pale ataingia wodini kufunua shuka moja baada ya nyingine, na hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Umati ukishatawanyika, hatari hubaki kimyakimya. Damu sakafuni huhitaji maji ya klorini ya asilimia 0.5, sindano zilizotumika huhitaji kuteketezwa, na ikiwa umeme ulikatika, kipimajoto cha jokofu husomwa kabla mtoto yeyote hajachanjwa, kwa kuwa chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ng'ambo ya pili, mkoani Kagera, mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg, unaoambukizwa kwa majimaji ya mwili, uliotangazwa Machi 2023 uliua watu 6, akiwamo mtumishi wa afya, bila kishindo chochote mlangoni.

Sehemu ya rambirambi za MV Nyerere ilielekezwa kupanua kituo cha Bwisya, uamuzi uliowaheshimu marehemu kwa kuwatendea mema walio hai. Hata hivyo, mgonjwa anayehitaji kupelekwa hospitali ya rufaa bado hutoka katika wodi hizo kuelekea majini, na kwa hiyo boti ya wagonjwa yenye mafuta, maboya na nahodha anayepatikana usiku ni sehemu ya kituo sawasawa na kuta zake.