Klachi ya Subaru ikisumbua, usikimbilie kushusha gia boksi

KUNA maneno mawili yanayowatoa watu jasho katika gereji za Kamembe: klachi imekwisha. Fundi akishayatamka, mwenye gari huanza kupiga hesabu kichwani, kwani anajua kinachofuata. Gia boksi itashushwa, gari litalala gereji siku mbili au tatu, spea zitaagizwa kutoka Kigali au Kampala, na safari ya kufuata mzigo itaahirishwa.

Tatizo ni kwamba mara nyingi maneno hayo hutamkwa mapema mno. Klachi inayosumbua huenda imepungukiwa mafuta tu, imeingiwa na hewa, au ina mpira mmoja mdogo uliochoka ambao hubadilishwa bila kuigusa gia boksi. Kuna vipimo ambavyo mwenye gari anaweza kuvifanya mwenyewe, kwa muda usiozidi nusu saa, kabla hajakubali gari lake lifunguliwe. Vipimo hivyo vinawahusu zaidi wenye magari yenye nguvu kama Subaru Impreza ya turbo, ambayo vijana wetu wengi wanaipenda.

Kwa nini hapa klachi huteseka

Anayetoka Kigali kuja Rusizi kwa njia ya Huye husafiri zaidi ya kilomita 200, na ndani ya msitu wa Nyungwe barabara hupanda hadi zaidi ya meta 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kisha hushuka kuja Kamembe, jirani na Ziwa Kivu ambalo liko kwenye takriban meta 1,460. Anayeendelea hadi bonde la Bugarama hushuka tena, kwani huko ndiko kwenye sehemu ya chini kabisa ya nchi, karibu meta 950. Ng'ambo ya Mto Rusizi, mji wa Bukavu nao umekaa juu ya vilima.

Katika miinuko hiyo hewa ni nyepesi, na injini hupungukiwa nguvu. Gari la turbo hufidia upungufu huo pale turbo inapoamka, kwa kawaida karibu na mizunguko 3,000 kwa dakika. Chini ya hapo huwa zito. Ndiyo maana dereva anayeondoka mlimani na abiria wanne na mizigo hukanyaga mafuta kwanza, kisha huiachia klachi polepole huku injini ikinguruma. Sekunde hizo chache ndizo zinazoila pleti.

Aidha, Impreza ya turbo husukumwa na magurudumu yote manne. Gari la magurudumu mawili likilazimishwa, tairi huteleza na kupunguza mshtuko. Magurudumu manne yakishika lami kwa pamoja, mshtuko wote huishia kwenye klachi na kwenye meno ya gia.

Wengi wetu tuliokulia uhamishoni Tanzania, Kenya na Uganda tulilifahamu gari hili kwa sababu ya Safari Rally. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda mbio hizo nchini Kenya akiendesha Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza vilevile. Hata hapa Rwanda, Impreza zimeonekana katika Mountain Gorilla Rally. Lakini timu ya mashindano hufuatwa na mafundi na gari la spea kila inapokwenda. Mfanyabiashara wa mpakani ana gari moja tu, na likilala, biashara nayo inalala.

Lugha ya gereji

Kabla ya vipimo, ni vyema tukaelewana kwa maneno, maana hapa ndipo warejeaji wengi hupotea. Sisi tuliosomea Tanzania tunasema klachi, pleti, preshapleti, beringi na flaiwili. Fundi wa Kamembe au Bukavu aliyejifunza kazi kwa Kifaransa atakuambia ambreaji, disiki, plato, bute na volani.

Neno volani ndilo lenye mtego. Kwa dereva, volani ni usukani. Kwa fundi anayezungumzia klachi, volani ni flaiwili, yaani lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini ambalo pleti hulishika. Ukiambiwa volani ina nyufa, usiende kuutazama usukani. Mwombe akuonyeshe kwa kidole kitu anachokisema.

Magonjwa matatu

Darasani nikifundisha msuguano huwa natumia mfano wa viganja viwili. Ukivibana pamoja, kimoja hakiwezi kuzunguka bila kingine. Ukivilegeza, kila kimoja huenda zake. Klachi hufanya kazi hiyo hiyo kati ya injini na gia boksi. Kwa hiyo makosa yake makubwa ni matatu: kushindwa kushika, kushindwa kuachia, na kushika kwa kutetemeka. Kila kosa lina chanzo chake, na anayeyachanganya atanunua spea isiyohitajika.

Anza na kushindwa kuachia. Dalili yake ni gia kuingia kwa shida, hasa rivasi, na pedali kushika karibu kabisa na sakafu. Washa injini isimame katika mzunguko wake wa kawaida, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu hadi tano, kisha ingiza rivasi. Ikilia kama chuma kinasagwa, pleti haijaachia. Sasa piga pedali haraka mara tatu au nne, uikanyage tena na ujaribu. Ikiwa safari hii rivasi imeingia kwa ulaini, ugonjwa uko kwenye mfumo wa mafuta na si kwenye pleti.

Klachi ya Impreza husukumwa na mafuta ya breki. Masta ya juu iko kwenye pedali, na masta ya chini iko juu ya gia boksi. Fungua boneti utazame kikopo cha mafuta ya klachi, ambacho ni kidogo na kiko peke yake. Mafuta yakiwa yamepungua, kuna mahali yanavuja. Papasa chini ya dashibodi mahali pedali inapoungana na masta ya juu, na papasa zulia lililo chini yake. Kisha tazama masta ya chini. Katika Impreza nyingi za turbo imejificha chini ya intakula, lile boksi la kupoozea hewa lililo chini ya tundu la boneti, na ndiyo sababu mafundi wenye haraka hawaitazami. Intakula ikishatolewa, mtu mmoja akanyage pedali na mwingine aangalie uma wa klachi. Uma ukisogea kidogo tu, au masta ikiwa imelowa, umempata mkosaji.

Dawa yake ni mipira mipya au masta mpya, kisha kutoa hewa na kujaza mafuta ya DOT 3 au DOT 4 kama yalivyoandikwa kwenye kifuniko. Mtu asikuwekee oili ya injini humo hata kwa dharura. Oili hiyo huvimbisha mipira yote na kuiharibu.

Kijana mmoja jirani yangu, anayefanya biashara ya simu kati ya Kamembe na Bukavu, yalimkuta hayo. Gereji moja ilimwambia anunue seti nzima ya klachi. Alikuja nyumbani jioni akiwa ameshakopa sehemu ya fedha.

"Mwalimu, wamesema ambreaji imekwisha," aliniambia.

"Ukipanda Nyungwe, injini inapaa bila gari kuongeza mwendo?" nilimuuliza.

"Hapana, inavuta vizuri tu. Shida ni kuingiza gia."

Jibu hilo lilitosha kutia shaka, kwani pleti iliyokwisha huteleza, haizuii gia kuingia. Kesho yake fundi mwingine aliitoa intakula mbele yetu. Masta ya chini ilikuwa imelowa. Ilibadilishwa asubuhi, mchana kijana alikuwa mpakani, na fedha ya mkopo aliirudisha.

Inapoteleza

Ugonjwa wa pili ni klachi kushindwa kushika. Hapa gia huingia vizuri, lakini nguvu haifiki kwenye magurudumu. Tafuta mlima wenye barabara tupu, weka gia ya nne ukiwa kwenye mizunguko kama 2,000, kisha kanyaga mafuta, bila kuzidi mwendo unaoruhusiwa. Uangalie mshale wa mizunguko. Turbo inapoamka, mshale ukiruka juu ghafla huku mwendo ukibaki pale pale, klachi inateleza. Pengine utasikia pia harufu ya kuungua. Kipimo hiki kifanye mara moja tu, maana kila mtelezo unaongeza joto na uharibifu.

Jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui ni hili. Kwenye magari ya zamani yenye klachi ya kebo, pleti inavyolika ndivyo pedali inavyoanza kushika juu zaidi, na dereva huonywa mapema. Klachi ya mafuta hujirekebisha yenyewe kadiri pleti inavyolika, kwa hiyo pedali inaweza kuonekana ya kawaida hadi siku inapoanza kuteleza. Ndiyo maana anayenunua Impreza iliyotumika asitosheke kuizungusha mtaani kwenye tambarare. Aipandishe mlima.

Inapotetemeka au kulia

Ugonjwa wa tatu ni gari kutetemeka wakati wa kuondoka. Ikitokea asubuhi tu, wakati wa baridi na unyevu, kisha ikapotea gari likipata joto, si jambo la kukupeleka gereji mbio. Ikidumu siku nzima, huenda pleti imeingiwa na oili, flaiwili imeungua madoadoa, au mipira inayoshikilia injini imechoka. Mipira hiyo itazamwe kwanza, kwani nayo haihitaji kushusha gia boksi.

Kuhusu sauti, kanuni ni rahisi. Kelele inayoanza ukikanyaga pedali hutokana na beringi ya klachi. Kelele iliyopo gari likiwa nyutro, ambayo hupotea ukikanyaga, hutokana na beringi ya shafti ya gia boksi. Waeleze mafundi tofauti hiyo kabla hawajaanza kazi.

Gia boksi ikishuka

Vipimo vikithibitisha kuwa klachi inateleza, au mfumo wa mafuta ukiwa mzima na bado haiachii, basi gia boksi ishushwe. Ikishashuka, badilisha pleti, preshapleti na beringi kwa pamoja, maana gharama kubwa iko kwenye kazi ya kuishusha. Mwambie fundi aitazame oili sili ya nyuma ya injini. Ikivuja, pleti mpya italowa na utarudi pale pale. Flaiwili yenye nyufa au madoa ya bluu ya moto isirudishwe ilivyo.

Unapoagiza spea, nenda na kifaa cha zamani mkononi. Pleti ya Impreza ya turbo yenye gia tano ina kipenyo cha milimita 230, na ya STI yenye gia sita ni milimita 240. Aidha, Impreza nyingi za turbo hutumia klachi ya kuvuta, ilhali za kawaida hutumia ya kusukuma, na beringi zake haziingiliani. Usishawishike kununua pleti ya mashindano pia. Hushika kwa kishindo, na kwenye foleni itakusumbua kuliko ile iliyokufa.

Baada ya hapo, liendeshe gari kwa upole kwa kilomita 500 za kwanza. Na kwenye foleni ya mpakani, pale kwenye mteremko wa kuelekea darajani, acha mazoea ya kubalansi gari kwa klachi na mafuta. Vuta breki ya mkono, weka nyutro, toa mguu kwenye pedali, usubiri zamu yako.

Fundi mzuri hatachukia ukimwomba akuonyeshe masta ya chini kabla ya kushika spana kubwa. Anayekataa kukuonyesha, chukua gari lako uende kwa mwingine.